Vipepeo wa Mlimani na Rangi Zao

Maneno haya niliyasema mbele ya wanafunzi, wafanyakazi na majirani wa kampasi ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, asubuhi moja ya jua baada ya masika. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Wengine wote, hamjambo, na poleni kwa kuamka mapema siku ya mapumziko. Nimewaomba mje saa hizi kwa ajili ya wale tunaokwenda kuwazungumzia. Kipepeo huota jua kwanza, akishapata moto mwilini ndipo anaruka. Kuanzia saa tatu hadi saa sita hivi ndizo saa zake za kazi. Kwa hiyo nitasema machache, halafu tutatoka nje.

Hapa mezani nimeweka chupa ya kioo iliyofunikwa kwa kipande cha chandarua. Ndani mna kijiti, na kwenye kijiti imening'inia pupa moja, lile ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, fupi kuliko pingili ya kidole changu. Kiwavi wake nilimchukua pale kwenye kichaka karibu na njia ya kwenda Changanyikeni, akiwa amejaa pete nyeusi, nyeupe na njano mwili mzima. Siku zote hizi pupa ilikuwa kijani laini kama embe changa, ina vidoti vya dhahabu vinavyong'aa utadhani vimewekwa na sonara. Jana jioni ikaanza kugeuka rangi. Nitairudia mwishoni.

Aliyemo humo, wataalamu humwita Danaus chrysippus. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyewapa viumbe wengi majina ya kitaalamu, alimpa jina hilo mwaka 1758, ingawa Waafrika walikuwa wamemtazama kwa makini zamani sana: yumo katika mchoro wa kaburi la Nebamun huko Misri, uliochorwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Kwa Kiswahili hana jina lake mwenyewe. Hili huwa linaniumiza. Sisi watu wa pwani tunajua kuipa jina kila hatua ya nazi: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Samaki nao kila mmoja na jina lake. Lakini kipepeo, awe wa manjano, awe wa buluu, awe mkubwa kama kiganja au mdogo kama ukucha, ni kipepeo tu. Kitu kisicho na jina ni rahisi kukipoteza bila mtu kugutuka. Basi leo huyu wa kwenye chupa nitamwita kipepeo wa utomvu, kwa sababu kiwavi wake hula mimea ile inayotoa utomvu mweupe kama maziwa ukikata jani.

Jambo nililokuja kulisema ni hili: rangi ya kipepeo ina kazi, na kazi hiyo inafanyika hapahapa, katikati ya majengo yetu, kwenye vichaka ambavyo tumezoea kuviita uchafu.

Tuanze na utomvu wenyewe. Una sumu inayogusa moyo. Kiwavi anaula, haumdhuru, na sehemu ya sumu hiyo huibeba mwilini hadi anapokuwa kipepeo. Ndege mchanga, tuseme shorewanda aliyetoka kiotani juzi, akimdaka kipepeo huyu anakutana na uchungu, na akimmeza anaweza kumtapika. Hatasahau. Akiona tena mabawa ya rangi ya chungwa yanaelea polepole juu ya majani, atayapisha. Mtazameni kipepeo wa utomvu anavyoruka: hana haraka, hapindi kona, anakwenda kama mtu anayetembea nyumbani kwake. Ana haki ya kutembea hivyo. Rangi yake imeshatangulia kusema.

Sasa mtu makini ataniuliza: kama rangi ni tangazo la hatari, si ingefaa wote wafanane? Tangazo moja, somo moja kwa ndege wote? Ndivyo akili inavyotaka. Lakini tukitoka hapo nje mtaona mambo tofauti. Wengine ni wa chungwa, na ncha ya bawa la mbele ni nyeusi iliyokatwa na mkanda mweupe. Wengine ni wa chungwa mpaka mwisho wa bawa, bila ncha nyeusi, bila mkanda. Wachache wana bawa la nyuma lenye weupe. Hawa wote ni spishi moja, wanaoana, wanazaana.

Tazameni ramani ya Afrika mtaanza kuelewa. Kusini mwa bara ni eneo la wenye ncha nyeusi. Magharibi kuna wale wenye bawa la nyuma jeupe. Kaskazini mashariki, kwenye nchi kavu za Kenya na Somalia, wasio na ncha nyeusi ndio wanaotawala. Na sisi tumekaa njia panda. Afrika Mashariki ndipo maumbo haya yanapokutana na kuchanganyika, ndiyo maana mtu anaweza kusimama kwenye kichaka kimoja cha Dar es Salaam akaona kile ambacho mwenzake wa mahali pengine angepaswa kusafiri maelfu ya kilomita kukiona.

Mtaalamu mmoja, David Smith, aliliona hili mapema. Katika miaka ya 1970 aliwafuatilia vipepeo hawa Dar es Salaam, akawalea kizazi baada ya kizazi, akaandika mtoto gani ametoka kwa mama gani. Ndiyo tukajua kwamba umbo lisilo na ncha nyeusi hulishinda lenye ncha nyeusi katika urithi, kama tunavyofundisha darasani kwa njegere za Mendel, yule mtawa aliyegundua kanuni za urithi. Wazazi wawili wote wasio na ncha wanaweza kupata mtoto mwenye ncha, iwapo kila mmoja ameificha ile jeni ndani. Vijana wangu mnaosoma baiolojia, kila mwaka mnakariri njegere za Ulaya. Mfano wenu unaruka nje ya dirisha.

Mwaka 1973 jarida la Nature lilichapisha makala ya Smith kuhusu Tanzania, na makala ile ilimhusu kipepeo huyu pamoja na jirani yake. Huyo jirani ndiye ninayempenda kuliko wote.

Anaitwa Hypolimnas misippus. Dume lake ni jeusi kama makaa, na kila upande wa mabawa lina madoa matatu meupe, mawili bawa la mbele na moja bawa la nyuma. Ukilitazama kutoka juu utaona nyeusi na nyeupe basi. Ukisogea kidogo pembeni, kila doa jeupe linawaka duara la urujuani. Ukirudi, limezimika. Nimeleta bawa moja nililoliokota chini, limebaki baada ya mjusi kula mwili. Litapita mkononi mwenu, ligeuzeni taratibu kwenye mwanga wa dirisha.

Niseme kidogo kuhusu urujuani huo. Ule unga unaobaki vidoleni mkimshika kipepeo ni magamba, madogo mno, yamepangwa mamia kwa mamia katika kila milimita 1 ya mraba, moja likilalia jingine kama vigae vya paa. Magamba mengi yana rangi ya kawaida ndani yake, kama kitambaa kilichotiwa rangi. Hayo ndiyo meusi, ya chungwa, ya hudhurungi. Lakini urujuani wa dume huyu hauna rangi yoyote iliyotiwa. Unatokana na umbo la gamba lenyewe, lenye matuta na tabaka nyembamba zinazorudisha sehemu moja ya mwanga na kuiacha nyingine. Mmeiona petroli iliyomwagika juu ya dimbwi la maji kituo cha daladala, jinsi inavyocheza zambarau na kijani? Petroli haina zambarau. Ni wembamba wa utando unaocheza na mwanga, na dume huyu anabeba ujanja wa namna hiyohiyo mgongoni.

Na jike lake? Hapo ndipo watu hushika vichwa. Jike halifanani na dume hata kidogo. Ni la chungwa, lina ncha nyeusi yenye mkanda mweupe, linaruka polepole juu ya majani. Mtaapa ni kipepeo wa utomvu. Ila halina sumu. Kiwavi wake hula magugu ya kawaida ya bustanini. Ndege aliyefundishwa na kipepeo mchungu anampisha mtamu.

Tena hakuishia hapo. Kwa kuwa kipepeo wa utomvu ana maumbo kadhaa, majike ya mwigaji nayo yana maumbo kadhaa: lipo lenye ncha nyeusi, lipo lisilo na ncha, lipo lenye weupe nyuma. Kila vazi la mwenye sumu limepata mshonaji wake wa pili. Na uigaji huu una bei. Wakizidi waigaji, ndege mchanga atakutana mara nyingi na mtamu mwenye rangi ya chungwa, na somo litaharibika kwa wote wawili. Ndiyo maana idadi zao zinafungamana, na anayetaka kuzielewa hawezi kuhesabu mara moja akamaliza. Inabidi arudi masika, arudi kiangazi, arudi vuli.

Jinsi ya kuwatofautisha? Subirini atue, tazameni katikati ya bawa la nyuma. Kipepeo wa utomvu ana madoa madogo meusi: jike matatu, dume manne, na hilo la nne ni mfuko wa harufu anaoutumia kubembeleza jike. Mwigaji ana doa moja tu, karibu na ukingo wa juu wa bawa. Nimewaonyesha watoto wa darasa la nne jambo hili, wakalishika kwa dakika tano, na baada ya hapo walikuwa wakinisahihisha mimi.

Labda niwape na hadithi ya jirani zetu, maana mambo haya hayajui mipaka. Denis Owen alifundisha Makerere miaka ya 1960, na kuzunguka Kampala alikuwa akimchunguza kipepeo mdogo wa chungwa, Acraea encedon. Akakuta makundi yenye majike karibu watupu. Miaka mingi baadaye ikajulikana kuwa chanzo ni bakteria wanaopita kutoka kwa mama kwenda kwenye yai na kuwaua watoto wa kiume wangali ndani. Kipepeo wetu wa utomvu naye ana msiba kama huo katika maeneo ya Nairobi. Jike linataga, nusu ya mayai hayaanguliwi, na wanaotoka wote ni mabinti. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba kwa majike hao kromosomu inayobeba jeni za rangi imeungana na kromosomu ya kike, ile inayotoka kwa mama kwenda kwa binti. Kwa hiyo bakteria anapoenea, anaikokota na rangi. Fikirini hilo: mdudu asiyeonekana kwa macho anapanga ni rangi gani itakayoruka juu ya kichaka cha Nairobi. Mimi nimefundisha zuolojia karibu maisha yangu yote ya kazi, na niliposoma habari hiyo niliweka karatasi chini nikatoka nje kupunga hewa.

Sasa tuingie kivulini. Mkipita chini ya miti asubuhi, mahali penye majani makavu, mtaona vipepeo wa hudhurungi wanaochupa hatua mbili kisha wanatua na kupotea. Watu hawawajali. Hawa ni wa jenasi Bicyclus, na huu ndio wakati wa kuwatazama kabla kiangazi hakijakolea. Wa msimu wa mvua wana macho ya bandia kwenye ukingo wa bawa: kiini cheupe, mviringo mweusi, pete ya njano. Wa kiangazi macho hayo yamesinyaa au hayapo kabisa, na bawa lote ni jani kavu.

Ni kwa nini? Wakati wa mvua majani ni mabichi, huwezi kujificha kwa kuwa hudhurungi. Vunjajungu yuko kila mahali. Anaporusha mkono hulenga kile kinachong'aa, na kinachong'aa ni jicho la ukingoni. Anaondoka na kipande cha bawa, kipepeo anaondoka na uhai. Kiangazi kikifika, chini kumejaa majani makavu, na dawa ni kukaa kimya na kufanana nayo. Jicho linalong'aa hapo lingekuwa uchuro.

Cha ajabu, viwavi wa mama mmoja wanaweza kutoka kwa namna zote mbili. Spishi moja ya jenasi hii, iliyochukuliwa Malawi, imelelewa na wanasayansi huko Leiden, Uholanzi, kwa miaka mingi. Wakilelewa penye joto la nyuzi 27 hutoka na macho makubwa. Wakilelewa chini ya nyuzi 20 hutoka karibu bila macho. Kiwavi anasoma hali ya hewa akiwa bado anakula nyasi, anachagua vazi la msimu ambao hajauona. Kwa hiyo mkisikia watu wanajadili mabadiliko ya tabianchi, mkumbukeni huyu. Joto likibadilika lakini mvua isifuate, atavaa nguo isiyo ya msimu wake.

Wengine nitawataja kwa haraka kwa sababu mtawaona wenyewe. Junonia oenone, mweusi mwenye duara la buluu kali kila bawa la nyuma, hukaa chini kwenye njia ya vumbi na kumfukuza kila anayepita. Ndugu yake Junonia hierta ana mabaka ya njano. Weupe na wa manjano wanaovuka barabara kwa makundi baada ya mvua wengi ni Belenois na Catopsilia, wasafiri. Wale wakubwa wenye mkia, Charaxes, hawana habari na maua. Wekeni ndizi iliyochacha juu ya mti mtawapata.

Kuna mmoja lazima nisimame kwake, maana nina deni naye. Nilipoanza kazi nilipata nyumba yenye mlimau uani. Majani yakawa yanaliwa. Nikaona vitu kama kinyesi cha ndege juu ya majani, vyeusi vyenye weupe, na vingine vya kijani vinene. Nikavigusa kwa kijiti, vikatoa pembe mbili za rangi ya chungwa na harufu kali. Nikachukizwa. Nikanunua dawa nikapuliza mti mzima, asubuhi yake nikafagia. Mimi, mwalimu wa wadudu. Wote wale walikuwa viwavi wa Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano ambaye wanangu walikuwa wakimkimbiza kila jioni. Ile ya kinyesi ndiyo sura ya utoto wake, ili ndege asimguse; akikua anavaa kijani cha jani. Mlimau ungepona wenyewe, mlimau huwa unapona. Vipepeo hawakuonekana uani kwetu kwa muda mrefu, na mwanangu wa kati aliniuliza wamekwenda wapi. Sikumjibu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema jambo moja kila ninapopewa nafasi. Tunapenda kipepeo, hatupendi kiwavi. Tunapanda maua ya kumpendeza mkubwa, tunafyeka magugu anayokula mtoto. Ua humpa kipepeo chakula cha siku. Jani la aina moja tu, au chache, ndilo linalompa kizazi. Kipepeo wa utomvu hatatagia yai kwenye waridi hata liwe zuri namna gani.

Kenya ina zaidi ya spishi 800 za vipepeo, na Tanzania imevuka 1,000. Wengi wanaishi misituni, Usambara, Pugu, Arabuko-Sokoke, na huko watu wameshaona thamani yao: mradi wa Kipepeo pale Gede, pwani ya Kenya, umekuwa ukinunua pupa kutoka kwa wanakijiji tangu mwaka 1993 na kuziuza nje, na watu wa Amani, kule Usambara, nao wakafuata. Kampasi si msitu, najua. Lakini kilima hiki, tangu chuo kihamie hapa mwaka 1964, kimebaki na vipande vya kichaka cha pwani huku jiji likijenga pande zote. Kipande cha upana wa chumba kimoja chenye mimea ya utomvu na yale magugu ya bustanini kinatosha kulea kizazi cha kipepeo wa utomvu pamoja na yule anayemwiga.

Ombi langu ni dogo. Tufyeke njia, tufyeke viwanja, tufyeke karibu na milango kwa sababu ya nyoka, hilo sina ugomvi nalo. Ila penye kichaka kisichomzuia mtu, tukifyeke kwa zamu, nusu sasa na nusu baada ya miezi kadhaa, ili daima pawe na mahali ambapo yai la jana litapata jani la kesho. Na ninyi wanafunzi, chagueni njia moja. Piteni hapohapo, saa ileile, kila wiki, mkihesabu wale walio ndani ya mita 5 mbele yenu. Kwa wale wa chungwa, andikeni ana ncha nyeusi au hana, ana doa moja bawa la nyuma au zaidi. Daftari na kalamu vinatosha. Mkifanya hivyo mpaka mnahitimu mtakuwa na kumbukumbu ambayo kilima hiki kinaihitaji.

Nimesema nitairudia chupa. Sogeeni, wawili wawili, msiitikise. Ule ukijani umekwisha. Ganda limekuwa kama nailoni, na ndani mnaona chungwa, mnaona mishipa myeusi ya bawa lililokunjwa. Wakati pupa inapofika hapa huwa zimebaki saa chache. Alfajiri niliitazama kwa lenzi, nikatafuta ile ncha nyeusi na mkanda mweupe upande wa bawa la mbele. Sikuviona. Naona chungwa tupu. Lakini macho yangu si ya zamani, na mwanga ulikuwa hafifu. Chukueni lenzi, mnitazamie ninyi, mniambie mnaona nini.